Kukaza mtutu wa bunduki si kazi ya kila fundi

KATIKA karakana za Magongo, eneo la Changamwe, Mombasa, fundi hodari aweza kukereza chuma, kuchonga hesi na kukaza nati za gurudumu la lori linaloelekea bandarini. Kwa mtazamo wa juu juu, ujuzi huo haupo mbali na ule wa kuunganisha mtutu wa bunduki na mwili wake. Hata hivyo, sheria imeweka mpaka kati ya kazi hizo mbili, na mpaka huo una sababu.

Gurudumu la lori hubeba shinikizo la takriban mara 8 ya hewa ya kawaida. Ndani ya bunduki ya kivita, risasi inapofyatuliwa, shinikizo hupita mara 3,000. Mtutu usiokazwa vyema huacha nafasi kati ya komeo na kitako cha risasi. Ganda likipasuka hapo, gesi moto huweza kumrudia mpigaji usoni. Ukikazwa kupita kiasi, hesi huharibika. Ndiyo maana viwandani nguvu ya kukaza hupimwa, na nafasi hiyo hukaguliwa kwa vipimo maalumu kabla ya bunduki kujaribiwa.

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu yeyote kuunda au kukarabati bunduki kibiashara bila kusajiliwa. Serikali yenyewe ilifungua kiwanda cha silaha ndogo Ruiru mnamo Aprili 2021, chenye uwezo uliotangazwa wa kuunda bunduki 12,000 kwa mwaka.

Suala hili halihusu usalama wa mpigaji pekee. Mifuo iliyo ndani ya mtutu huacha alama kwenye risasi, na kwa alama hizo wachunguzi hutambua bunduki iliyotumika katika uhalifu. Mtutu ukibadilishwa kisirisiri, ushahidi hupotea pamoja nao.

Wakazi wa Mombasa wanaijua gharama ya silaha zisizo na mwenyewe. Mnamo Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua maafisa wa polisi na kutoroka na bunduki. Miaka 7 baadaye, Itifaki ya Nairobi ya 2004 iliyataka mataifa ya eneo hili kutia alama kila bunduki na kuweka kumbukumbu zake.

Lakini marufuku pekee haitoshi. Fundi wa Magongo ambaye hajaonyeshwa njia halali ya kuuza ujuzi wake ni windo rahisi la mhalifu mwenye fedha. Serikali iliyowekeza Ruiru haina budi kuwafikiria pia mafundi hawa, kwa mafunzo, vyeti na kandarasi za vipuri visivyo vya silaha. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unahitaji zaidi ya pingu kuuziba.