Tuzibe Ufa Kabla ya Mvua



Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, Kanisa lilipokuwa likiuanza msimu wa Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaukumba mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Injili ya siku hiyo, kutoka sura ya 13 ya Marko, ilitukumbusha habari za bwana aliyesafiri akawaachia watumishi wake kila mmoja kazi yake, na mlinzi wa mlango akaagizwa akeshe. Kadiri ya Injili hiyo, kukesha si kukaa kwa hofu, bali ni kila mmoja kukutwa kazini pake kabla saa haijafika.

Baada ya misiba ya namna hii husikika kauli kwamba ndivyo Mungu alivyopenda. Kauli hiyo ikitoka kinywani mwa mfiwa anayetafuta faraja, tunainamisha vichwa na kunyamaza. Lakini ikitamkwa na mwenye dhamana ya kuwalinda watu, inageuka kuwa kisingizio. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalegea na kumeguka. Mvua hatuwezi kuizuia. Hata hivyo, nani anapewa kiwanja kwenye njia ya maji, nyumba yake ni imara kiasi gani, na nani atamwamsha hatari inapokaribia, hayo yote ni maamuzi ya wanadamu. Na kwa kuwa ni maamuzi ya wanadamu, ni suala la haki.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kule Kilosa, tuta la kuzuia maji ya mto Mkondoa, lililojengwa enzi za ukoloni, liliachwa likachakaa. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto ulifurika na kulibomoa. Maelfu ya watu wakakosa makazi, na reli ya kati ikakatika. Jijini Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Wakazi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Lakini wapo waliorejea bondeni, kwani riziki yao ilikuwa mjini. Maskini haishi penye hatari kwa ujinga. Anaishi pale kwa sababu ndipo penye bei anayoiweza, karibu na kibarua chake. Kumhamisha bila kujali atakula nini ni kuliacha tatizo nusu ya njia.

Tusidhani kwamba kujikinga ni jambo la mataifa tajiri tu. Katika nchi ambayo leo ni Bangladesh, kimbunga cha Novemba 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000. Novemba 2007 nchi hiyo ilipigwa na kimbunga kingine kikali, Sidr. Safari hii waliokufa walikuwa takriban 3,400. Hao nao ni wengi, na kila mmoja alikuwa sura ya Mungu. Lakini tofauti hiyo kubwa ililetwa hasa na utabiri wa mapema, majengo ya kukimbilia, na maelfu ya watu wa kujitolea waliopita vijijini wakitoa tahadhari. Wengi wao walikuwa wanakijiji wa kawaida.

Mwaka 1967 Papa Paulo VI alifundisha kwamba maendeleo ya kweli humhusu mtu mzima na watu wote. Basi, zahanati iliyojengwa kwa michango ya miaka kumi na kusombwa kwa usiku mmoja ni jasho la maskini lililopotea. Ndiyo maana mataifa yaliyokutana Sendai, nchini Japani, Machi 2015, yalikubaliana kupunguza hatari za maafa hadi mwaka 2030, na kuona kazi hiyo kuwa sehemu ya maendeleo endelevu. Hapa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka ziwepo kamati za maafa hadi ngazi ya kata na kijiji.

Kwa hiyo, tunawasihi viongozi wa Halmashauri za Walei waulize katika mkutano wa kijiji: kamati yetu ni akina nani, na walikutana lini? Kila Jumuiya Ndogo Ndogo iwatambue wazee, wagonjwa na walemavu wanaoishi karibu na korongo au chini ya mteremko, na ipange nani atawabeba. Kabla ya kujenga kigango au darasa, tuwaulize wazee maji hupita wapi. Tusikate miti ya mtoni, wala tusinyamaze viwanja vya mkondo wa maji vinapouzwa.

Mablanketi na unga tutaendelea kuchangia, kwani huruma haina likizo. Lakini anayekuokoa kabla hujazama amekupenda zaidi ya anayekuletea sanda. Mungu atujalie hekima ya Yusufu, aliyeweka akiba ya nafaka katika miaka ya shibe, ili taifa zima lisife kwa njaa.