Shabiki anayelipa bileti analipia pia haki ya kurudi nyumbani

Kwenye bango la konsere kunaandikwa jina la mwanamuziki, tarehe, saa, bei ya bileti na majina ya wafadhili. Shabiki haandikwi. Na bado ni yeye anayebeba kila kitu. Yeye ndiye anayelipa bileti, anayeimba pale mwimbaji anapochoka, na anayetetea bendi yake kwenye nganda, kwenye basi na kwenye makundi ya WhatsApp hadi usiku wa manane. Bila yeye, jukwaa ni mbao na nyaya tu. Hapa Kongo, mtu huyo amezoea kutunzwa kama mzigo: anarundikwa, anasukumwa, anacheleweshwa, na siku mambo yakiharibika anaambiwa kwamba kosa ni lake.

Wasioijua mapenzi ya muziki huu huwacheka mashabiki. Wanasema ni vijana wasio na kazi. Si kweli. Mwaka wa 1997, bendi ya Wenge Musica ilipovunjika, JB Mpiana akaenda upande wake na Werrason upande wake, nchi nzima iligawanyika pamoja nao. Katika nyumba moja, yaya alikuwa upande huu na mdogo wake upande ule. Walingoja karibu miaka 25, hadi tarehe 30 juni 2022, siku ya uhuru, ndipo wawili hao wakasimama tena pamoja kwenye Stade des Martyrs jijini Kinshasa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kuvunjika kwa bendi aliweza kuingia uwanjani siku ile akiwa mtu mzima, akiimba nyimbo alizorithi kwa wazazi wake. Uaminifu kama huo wanasiasa wengi wanautafuta na hawaupati.

Usiku wa shabiki kwa kweli unaanza asubuhi. Bango linasema saa tisa mchana, lakini yeye anajua kwamba saa ya bango si saa ya mwanamuziki. Anafika mapema ili apate nafasi ya kuona. Pesa ya bileti ameiweka kidogo kidogo, faida ya mkaa au ya kuuza uniti. Nguo ameazima kwa rafiki, kwa sababu huwezi kwenda kumwona mkubwa wako ukiwa umevaa hovyo. Anasimama kwenye jua, kisha kwenye giza. Maji yanauzwa kwa bei mara mbili, na ukitoka kutafuta choo unapoteza nafasi. Wanamuziki wadogo wanapita jukwaani mmoja baada ya mwingine. Saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili. Mkubwa bado.

Halafu anatokea. Uchovu wote unakwisha. Wimbo unaanza polepole, maneno ya mapenzi na ya kuachwa, watu wanafumba macho na kuimba pamoja naye neno kwa neno. Kisha gitaa linageuka, atalaku anapaza sauti, sebene inaingia, na maelfu ya watu wasiojuana wanacheza mtindo mmoja kama watoto wa mama mmoja. Kwa saa moja au mbili hakuna deni, hakuna kodi ya nyumba, hakuna vita. Wakati UNESCO ilipoandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, disemba 2021, ilikuwa inazungumzia pia jambo hilo: rumba haiishi kwenye sahani na kaseti peke yake, inaishi kwenye miili ya watu wanaokusanyika.

Ni kwa sababu furaha hiyo ni ya kweli ndiyo maana yaliyotokea tarehe 29 oktoba 2022 hayapaswi kusahauliwa. Siku hiyo ya jumamosi, Fally Ipupa aliimba kwenye Stade des Martyrs, uwanja ambao kipimo chake ni watu 80,000. Watu walioingia walipita kipimo hicho. Walijaa kwenye ngazi, kwenye njia za kupitia, hadi kwenye nafasi zilizotengwa kwa wageni wa heshima. Watu 11 walikufa, wakiwemo polisi wawili. Waziri wa mambo ya ndani wa wakati ule, Daniel Aselo, alieleza kwamba walikufa kwa kukosa hewa na kwa msongamano, na akawanyooshea kidole waandaaji.

Maombolezo yalifuata. Lakini kabla ya kutimia miaka miwili, tarehe 27 julai 2024, uwanja uleule ulipokea mwimbaji wa nyimbo za Injili, Mike Kalambay. Hapo tena kukatokea msongamano, na watu wasiopungua saba wakapoteza maisha. Tofauti moja ni ya kutazamwa vizuri: mara hii uwanja haukuwa umejaa kupita kiasi. Habari za siku zile zilizungumzia watu karibu 30,000, hata nusu ya kipimo haikufika.

Matukio haya mawili yakiwekwa pamoja yanaondoa visingizio viwili vikubwa. Cha kwanza ni kusema kwamba muziki wa dunia ndio unaoleta fujo. Kwenye tamasha la Injili, watu walienda kumsifu Mungu na hawakurudi. Cha pili ni kusema kwamba shida ni wingi wa watu peke yake. Wingi ni hatari, ndiyo, lakini hata watu wachache kuliko viti wanaweza kuuana bila kutaka, ikiwa wote wanaelekezwa kwenye kona moja, ikiwa mlango mmoja tu uko wazi, ikiwa hofu inaingia na hakuna anayesema nao.

Ni lazima pia kuelewa namna watu wanavyokufa katika msongamano, kwa sababu wengi wanadhani ni kukanyagwa tu. Mara nyingi marehemu alikuwa bado amesimama. Watu wakifika sita au saba kwenye nafasi ya metre moja ya mraba, mtu hajiendeshi tena mwenyewe, anabebwa na wimbi la miili. Kifua kinabanwa, mapafu hayapati nafasi ya kufunguka, na pumzi inakatika. Walio mbele wanapiga kelele, lakini aliye nyuma anasikia sono na shangwe tu, na anaendelea kusukuma ili naye aone. Hakuna mwuaji katika kundi hilo. Lakini kuna watu waliopaswa kuhesabu, kufungua na kusimamisha, na hawakufanya.

Hapo ndipo kuna neno ambalo muziki wa Kongo unapaswa kulitazama usoni: kujaza. Kwa miaka mingi ukubwa wa mwanamuziki umepimwa kwa swali moja, amejaza au hakujaza? Fally alijaza. Miezi nane baadaye, juni 2023, Ferre Gola naye akaingia Stade des Martyrs, na mashabiki wa pande mbili wakapitisha siku nyingi wakilinganisha picha za uwanja, kiti kwa kiti. Ushindani unanogesha muziki, na rumba imekula matunda yake tangu zamani. Lakini ukiugeuza uwanja kuwa mzani wa utukufu, basi kila mtu wa ziada anayeingia ni ushindi, na hakuna tena mtu mwenye faida ya kufunga mlango. Mwandaaji anauza zaidi, mlinzi anaingiza jamaa na rafiki kwa noti mfukoni, mkubwa fulani anafika na msafara wake bila bileti, na aliyelipa tangu wiki mbili anakuta nafasi yake imekaliwa.

Kuna wanaojibu kwamba mashabiki wenyewe hawana nidhamu, kwamba wanaruka kuta na kuvunja vizuizi. Ni kweli, wako wanaofanya hivyo, na wanahatarisha wenzao. Lakini nidhamu haianguki kutoka mbinguni. Mtu aliyeambiwa saa tisa na kuona mwanamuziki saa nne za usiku, bila maji, bila choo, bila neno lolote kutoka kwenye mikro la kumwomba subira, ameshafundishwa kwamba hakuna anayemheshimu. Mtu mwenye bileti mkononi anayekuta mlango umefungwa huku wasio na bileti wakipita pembeni, anajifunza kusukuma. Fujo ya mlangoni mara nyingi imetayarishwa ofisini, siku nyingi kabla ya konsere.

Wengine wanasema usalama ni kitu cha nchi tajiri. Jibu la hilo liko huku mashariki. Tangu mwaka wa 2014, Goma ilionyesha kwamba inawezekana. Festival Amani, iliyoanzia kwenye Collège Mwanga, ilikusanya maelfu na maelfu ya watu kwa siku tatu, katika mji uliokuwa umezungukwa na vita, pamoja na mamia ya vijana wa kujitolea waliowaelekeza watu njia, waliosimamia milango na kusaidia waliozidiwa. Goma haikuwa na pesa kuliko Kinshasa. Ilichokuwa nacho ni wazo kwamba anayekuja kucheza ni mgeni wa kupokelewa, si mzigo.

Kwa hiyo jambo hili haliwahusu watu wa Kinshasa peke yao. Bendi kubwa zinasafiri. Zinafika Lubumbashi, Kisangani, Bunia, Butembo, na mara nyingi zinapigia kwenye uwanja wa mpira, ukumbi au kiwanja cha shule ambacho hakikujengwa kwa kazi hiyo. Mji ambao haupati mkubwa wake ila mara moja kwa miaka mingi una njaa, na njaa hiyo inawaleta watu wote siku moja. Ni hapo hatari inakuwa kubwa zaidi, sio ndogo.

Yanayotakiwa si maajabu. Idadi ya bileti ipangwe kufuatana na nafasi halisi na itangazwe mbele ya siku ile, ili kila mtu aweze kuuliza maswali. Milango yote ya kutokea ikae wazi au iwe na mtu mwenye ufunguo, tangu wa kwanza anapoingia hadi wa mwisho anapotoka. Maji yapatikane. Msalaba Mwekundu na waganga wawe karibu na jukwaa, si nje ya ukuta. Polisi wafundishwe kwamba gesi ya machozi kwenye watu waliobanwa inaongeza vifo. Saa iliyoandikwa kwenye bango iheshimiwe, kwa sababu kila saa ya kuchelewa inachosha miili na kukasirisha mioyo. Na mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, awe na uwezo wa kusimamisha muziki.

Mwanamuziki naye hawezi kusema kwamba yeye ni wa kuimba tu. Hakuna waziri wala generali mwenye nguvu juu ya umati kama yule aliyeshika mikro. Akisema rudini hatua tatu nyuma, wanarudi. Akisimamisha sebene ili msichana aliyezimia apitishwe, sifa yake haipungui, inaongezeka. Kwenye mabanga anataja majina ya wanaomlipa. Basi ataje pia upande ambako milango ya kutokea iko.

Na shabiki mwenyewe ana kazi yake. Akiingia, atazame kwanza atatokea wapi, na asidhani kwamba mlango alioingilia ndio wa karibu. Akiona hawezi tena kuinua mikono, aondoke mapema, pole pole kuelekea pembeni, hata kama mkubwa bado hajatokea. Akibanwa, aweke mikono mbele ya kifua kama mpiga ngumi ili mapafu yapate nafasi, asipige kelele ovyo, asishindane na wimbi. Asiiname kuokota kiatu wala simu. Aliyeanguka ainuliwe kwanza. Na watoto wadogo wasipelekwe mbele ya jukwaa.

Mashabiki wamekwisha onyesha nguvu yao. Wanaweza kumpandisha kijana asiyejulikana, na wanaweza kumwangusha aliyejiona mungu. Wajaribu nguvu hiyohiyo mara moja kwa faida yao wenyewe: kabla ya kununua bileti, waulize ni ngapi zitakazouzwa, ni milango mingapi itakayofunguliwa, na nani atajibu ikiwa mtu hatarudi nyumbani. Mwandaaji asiye na majibu, wamwachie bileti zake. Akibaki mara moja na viti vitupu, atahesabu vizuri mara ya pili.