Msitu Bado Una Chama Kimoja

Desemba 1991 Bunge lilikifuta Kifungu cha 2A cha Katiba, na Kenya ikarejea katika mfumo wa vyama vingi. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini majirani wa misitu ya Gwassi na Wire huko Homa Bay, na wa milima ya Koguta upande wa Nyakach, wana haki ya kutuuliza: vyama vingi vilifika Bungeni; je, msituni vilifika lini?

Tukumbuke tulikotoka. Sheria ya zamani ya misitu, Sura ya 385, ilimpa Waziri uwezo wa kuumega msitu wa umma kwa ilani ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Mwananchi hakuulizwa. Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa katika msitu wa Karura kwa kosa la kutaka kupanda miti. Mwaka 2001 serikali ilitangaza nia ya kumega hekta zipatazo 67,000. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ikaonyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwamo, ilivyogawiwa wenye vyeo na marafiki zao. Shamba la Nabothi halikutwaliwa na mchoma makaa. Lilitwaliwa na Ahabu, kwa barua zilizopigwa muhuri.

Ndipo ikaja Sheria ya Misitu ya 2005, na baadaye ile ya 2016. Majirani wa msitu wakaruhusiwa kuunda chama cha jamii na kutia saini mkataba na Shirika la Huduma za Misitu. Kifungu cha 69 cha Katiba ya 2010 nacho kinaiagiza serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyalinda na kuyasimamia mazingira. Hii haikuwa hisani ya mtawala. Ni tunda la mapambano.

Hata hivyo, tuisome sheria hiyo kwa makini, kwa maana penye maneno matamu ndipo penye mtego.

Kwanza, chama cha jamii hutakiwa kuandikishwa chini ya Sheria ya Vyama, ile ile iliyotumiwa kukinyima Safina usajili tangu 1995 hadi mwishoni mwa 1997. Mlango ni ule ule. Aliyebadilika ni bawabu.

Pili, Shirika ni upande mmoja wa mkataba, na ndilo hilo hilo lenye uwezo wa kuuvunja baada ya kutoa notisi ya siku 30. Tangu lini mdai akawa hakimu wa kesi yake mwenyewe?

Tatu, sheria inataja asali, dawa za miti, kuni, nyasi na utalii kuwa haki za jamii, lakini haikuweka kiwango cha fungu la jamii katika mapato ya msitu. Jasho limeandikwa, ujira haukuandikwa. Agosti 2025 Shirika liliagiza ada za kuingia Karura zilipwe kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, na wananchi waliosaidia kuufufua msitu huo tangu 2009 wakalazimika kupinga. Ikiwa hayo yametokea Nairobi, penye mawakili na waandishi wa habari, mwanachama wa Gwassi atakimbilia wapi?

Watatuambia kwamba wanakijiji ndio waharibifu. Hatukatai kuwa wamo wakata miti miongoni mwetu. Lakini jopo lililoundwa na serikali yenyewe mwaka 2018 lilikuta ufisadi ndani ya Shirika hilo. Kama dhambi ya baadhi ya majirani yatosha kuwanyima wote sauti, basi dhambi ya maofisa itoshe kuwanyima nini?

Wala jambo hili si la watu wa milimani peke yao. Miti ikikatwa nyanda za juu, mto Nyando hushuka na udongo. Kano hufurika, kama ilivyofurika 2020 na 2024, na Ghuba ya Winam hujaa tope. Mvuvi wa Dunga hulipa deni la shoka asiloliona. Mvuvi huyo ana BMU, inayochaguliwa na wenye ufuo. Msitu nao ustahili heshima hiyo.

Kwa hiyo twadai haya. Mikataba iandikwe kwa Kiswahili na Dholuo, na isomwe barazani kabla ya kutiwa saini. Fungu la jamii litajwe kwa tarakimu. Mkataba usivunjwe ila kwa uamuzi wa chombo huru. Na vyama vyetu wenyewe vifanye uchaguzi, viwape akina mama viti, visome hesabu hadharani. Hatuwezi kumlaumu Ahabu huku tukiwalea akina Ahabu wadogo.

Mwaka 1990 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alidai vyama vingi hadharani, wakati kunyamaza kulikuwa salama zaidi. Makanisa ya pwani hii yana urithi huo mikononi. Basi kila parokia iliyo karibu na msitu iuitishe mkataba wa msitu wake, iusome neno kwa neno, na iulize: nani alitia saini kwa niaba yetu, na nani alimchagua?