Nauli ya Dar au Ekari ya Mngeta?

Vijana wa Ifakara wanapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Viongozi wanapanda jukwaani kuwaambia warudi shambani. Hoja yao huwa moja: mbona watu wanatoka Shinyanga, Mbeya na Kilimanjaro kuja kutafuta maisha kwenye bonde hili hili la Kilombero mnalolikimbia? Swali ni zuri, ila wanaouliza hawangojei jibu.

Tuwatazame hao waliokuja. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita chini ya milima ya Udzungwa, na kandokando yake, kuanzia Mang'ula, Mbingu na Mchombe hadi Mlimba, wakatia nanga watu wa Nyanda za Juu Kusini na Wachaga waliobanwa na uhaba wa ardhi kwao. Baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao, wengine wakipitia Usangu. Sensa ya 2002 ilikuta watu zaidi ya 321,000 wilayani Kilombero. Ya 2012 ikakuta zaidi ya 407,000.

Wengi wa wageni hao hawakuja mikono mitupu. Mfugaji aliyefika na kundi lake alifika na benki: akiuza dume mmoja anakodi shamba na kulipa vibarua, na jembe la kukokotwa na ng'ombe analo tayari. Isitoshe, waliotangulia waliikuta ardhi bado ipo.

Kijana mzawa asiye na mtaji yuko kwenye hesabu nyingine. Mpunga unakula fedha kwanza ndipo ulipe: kukodi, kulima, kupiga haro, mbegu, palizi, kuamia ndege tangu kunapambazuka, kisha kuvuna na kusafirisha. Fedha zikimkatikia katikati ya palizi, anauza sehemu ya mpunga ungali kijani, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Uliobaki unapimwa kwa lumbesa. Anaweza kumaliza msimu mzima topeni na bado akatoka anadaiwa. Mbele ya gharama hizo, nauli ya Dar ndiyo mtaji mdogo kuliko yote.

Wala wasituambie kwamba wenyeji wa bonde wanahama kwa uvivu. Hapa kuhama ndiyo namna yenyewe ya kulima. Masika yakikaribia, familia nyingi hufunga nyumba mjini na kuhamia mashambani kwa miezi kadhaa, zikiishi kwenye dungu: kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya maji, kuta za nyasi zinazopitisha upepo na mbu, chandarua kikining'inia kwenye fito. Watafiti wa malaria wa Taasisi ya Afya Ifakara wamezifuata kaya hizi hadi huko. Watoto wa shule huachwa kwa bibi, au wanakwenda na wazazi na masomo yanasubiri.

Kisha kuna viwanda vya sukari vya Kidatu. Kazi ya kukata miwa ipo, lakini wakataji wengi hutoka nje ya bonde. Miwa iliyochomwa inampaka mtu masizi kuanzia utosini, malipo ni kwa kadiri ya ulichokata, na mgongo unajua. Nadhani sababu ya wazawa kuikwepa haiko kwenye ugumu peke yake. Ugenini mtu hana shamba la kurudia jioni, hana shemeji wa kumcheka, na fedha aliyoipata haigawanywi usiku huo huo kwa ndugu watano. Ndiyo maana kijana aliyekataa panga la miwa Kidatu utamkuta Kariakoo anasukuma mkokoteni.

Hilo shamba la kurudia nalo linazidi kubanwa. Bonde liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo. Maji ya Mto Kilombero yanategemewa na Bwawa la Nyerere kule Rufiji, kwa hiyo kulima kila penye unyevu hakutaruhusiwa tena, na naona ni sawa. Basi anayesema "rudini shambani" ataje ni shamba la nani.

Nisingemzuia kijana kuondoka. Barabara ya Kidatu na Daraja la Magufuli kwenye Mto Kilombero, lililochukua nafasi ya pantoni, hupeleka na kurudisha, na mara nyingi mkokoteni wa Kariakoo ndio unaolipia palizi ya mama yake huku bondeni, Mngeta. Ambaye ningemuuliza maswali ni halmashauri. Asilimia 10 ya mapato yake ya ndani imetengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mkulima wa mpunga anahitaji fedha hiyo mkononi kabla trekta halijaingia shambani, Novemba au Desemba. Ikitoka Aprili, ekari za kukodi zimeshachukuliwa na wenye ng'ombe wa kuuza, na yeye atainunulia bodaboda.