Tangi la biogesi halina meno

Bonasi ya chai ikiingia mwezi wa Oktoba, simu yangu huanza kuita. Mimi ni fundi wa kujenga matangi ya biogesi, na wateja wangu wengi ni wakulima wa Konoin, Bureti na Sotik, katika kaunti za Kericho na Bomet, waliochoshwa na moshi wa kuni. Siku hizi, kabla sijapima shimo, nauliza kwanza: mna ng'ombe wangapi?

Idadi inazidi kupungua. Shamba limegawanywa kati ya wana, chai imechukua sehemu kubwa, na pale mzee alipofuga ng'ombe watano, sasa yuko mmoja au wawili bandani. Kinyesi hakitoshi. Basi mwenye boma hutazama mabua ya mahindi, mabaki ya majani ya nepia na migomba iliyoangushwa, akaamua vyote viingie tangini. Amewaza vyema, kwa kuwa mabaki hayo yana gesi nyingi ndani yake. Tatizo ni kuyatia yakiwa mazima.

Kinyesi ni chakula kilichokwisha kusagwa. Ng'ombe amekitafuna, akakicheua, akakilaza tumboni pamoja na vijidudu vyake. Tangi halina meno. Bua zima huelea, hushikamana na mengine, yakafanya utando mgumu ambao gesi hupenya kwa shida. Hata likizama, nyuzi zake zimefungwa na lignini, ile gundi inayoupa mti ugumu wake, na vijidudu vya gesi haviiwezi. Tena baridi yetu haisaidii: mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vijidudu hivyo hustawi kwenye joto la karibu nyuzi 35. Matangi niliyoitwa kuyafungua baada ya moto kufifia jikoni, mengi yalikuwa na kasoro hiyohiyo. Saruji ilikuwa nzima kabisa.

Dawa inajulikana, na imepimwa hapa kwetu Afrika Mashariki. Anthony Mshandete wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichukua taka ya mkonge, wakazikata nyuzi zake hadi milimita 2. Matokeo waliyochapisha mwaka 2006 yalionyesha methani, ile gesi inayowaka, imeongezeka kwa asilimia 23. Mwaka uliotangulia walikuwa wameonyesha kwamba masalia laini ya mkonge yakiachwa yapate hewa kwa saa 9 kabla ya kufungiwa, methani hupanda kwa asilimia 26. Kukata na kungoja, basi.

Wateja wangu nawaelekeza hivi: mabua yakatwe vipande vidogo kadiri mashine inavyoweza, yalowekwe siku chache katika maji yenye mkojo wa ng'ombe na rojo kidogo linalotoka tangini, kisha yatiwe kidogo kidogo pamoja na kinyesi. Mkojo huyalainisha, tena una naitrojeni ambayo mabua makavu hayana ya kutosha. Anayetumia chokaa kuyalainisha apunguze mkono, maana ikizidi inaua vijidudu. Nayo matawi ya chai yaliyopogolewa, jamani, yaacheni palepale chini ya michai. Ni kuni tupu. Gesi yake ni haba, na udongo unayahitaji.

Sasa niseme na serikali za kaunti za Kericho na Bomet. Mpango wa kitaifa wa biogesi ya majumbani ulianza mwaka 2009, na tangu hapo kila uzinduzi ninaohudhuria husomwa idadi ya matangi. Sijasikia hata mara moja ikisomwa idadi ya mashine za kukatia mabua. Mkulima wa ekari moja hawezi kuinunua peke yake, na panga halifikishi bua pale linapotakiwa kufika. Pesa za matangi machache yajayo zihamishwe zinunue mashine za petroli za kuvutwa kwa mkokoteni, zikabidhiwe vyama vya ushirika vya maziwa. Msimu wa kuvuna mahindi zizunguke boma kwa boma, na ada ikatwe kwenye malipo ya maziwa, kama tunavyokatwa ya chakula cha ng'ombe. Kila mashine iwe na kinga mdomoni na kijana aliyefunzwa kuiendesha, kwa sababu mashine hizi hukata vidole upesi kuliko mabua.