Sauti ya nne si ya kukaa nyuma!

Wadau, hili limenikaa kooni. Hapa kampasi Iringa ukiwa na besi unaambiwa nenda kwaya, kasimame mstari wa nyuma. Jamaa yangu, mtoto wa kwaya za Moravian kule Tukuyu, Mbeya, juzi kakatishwa ubeti wa kwanza kwenye usaili wa bendi, eti ana sauti ya kizee. Sasa anajilazimisha kupanda juu, mishipa ya shingo imemtoka kama kabeba lumbesa la viazi!

Na majaji hao hao ndio wanajidai wapenzi wa roki ya Uingereza. Haya, wamsikilize Greg Lake kwenye albamu ya kwanza ya King Crimson, 1969. Baritoni, na ndiye mwimbaji mkuu. Baadaye akaja John Wetton, naye alikuwa na sauti ya kifuani.

Mbali kote huko kwa nini? Majirani zetu Wagogo walikuwa na Hukwe Zawose (alifariki 2003), anashuka shimoni, anapanda mpaka darini. Real World, lebo ya Peter Gabriel yule wa Genesis, ikatoa Chibite yake 1996.

Mpiga kinanda kumshushia mtu wimbo ni kazi ya dakika moja. Mbona hamtaki?