Azam TV Kenya: Miaka saba ya Gor Mahia kwa bei ya msimu mmoja wa Bara

Sumbawanga. Sh225.6 bilioni kwa miaka 10. Dola 9.1 milioni kwa miaka saba.

Namba ya kwanza ni mzigo ambao Azam Media walikubaliana na TFF mwaka 2021 kwa haki za matangazo ya televisheni ya Ligi Kuu Bara. Ya pili ni mkataba waliosaini na Shirikisho la Soka Kenya (FKF) mwaka 2023 ili kuonyesha ligi ya jirani zetu.

Ziweke kwenye mizani moja. Mkataba wa Bara ukiugawa kwa 10 unapata wastani wa Sh22.56 bilioni kwa mwaka. Mkataba wa Kenya wote, ukipiga dola moja kwa Sh2,500, ni kama Sh22.75 bilioni. Kwa lugha ya kijiweni: Gor Mahia, AFC Leopards, Tusker na wenzao wamenunuliwa miaka saba kwa bei ya msimu mmoja wa Simba, Yanga na wenzao.

Wapo wanaoichukua hesabu hiyo kama sifa, na sifa ipo. Kampuni ya Kitanzania imevuka mpaka wa Namanga na kununua ligi ya nchi ambayo zamani ilikuwa inatutambia kwa mpira na kwa biashara. Lakini yapo maswali mawili. Kwa nini Kenya imeuzwa bei poa hivyo? Na je, safari hii Azam watakaa?

HAIKUANZIA NAIROBI

Azam TV ilianza kurusha matangazo mwishoni mwa 2013. Dili lao la kwanza na ligi yetu lilikuwa la miaka mitatu na zaidi kidogo ya Sh5 bilioni, na Yanga walilipinga waziwazi. Leo ukimwambia shabiki wa Jangwani kwamba klabu yake iligomea pesa za Azam anaweza kudhani unamtania.

Kabla hata hawajazoeleka vizuri nyumbani, wakatoka. Mwaka 2015 ligi ya Uganda ikaanza kuitwa Azam Uganda Premier League. Mwaka huohuo Rwanda nako ikawa Azam Rwanda Premier League. Ramani ilikuwa nzuri: nchi tatu, kampuni moja, kisimbuzi kimoja.

Haikudumu. Kufikia 2018 ligi ya Uganda ilikuwa imehamia kwa Wachina wa StarTimes. Mwaka 2019 Rwanda nako jina la Azam likatoka. Kwa hiyo Kenya siyo jaribio la kwanza. Ni raundi ya pili ya kampuni iliyokwishajifunza kwamba kuingia ugenini ni rahisi kuliko kubaki.

Tofauti iko wapi? Uganda na Rwanda Azam waliingia wakiwa bado wanajenga nyumba yao. Kenya wameingia nyumba ikiwa imesimama, na nguzo yake ni Simba na Yanga. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya USM Alger na kulikosa taji kwa kanuni ya bao la ugenini. Mwaka huohuo Simba waliishikilia Al Ahly sare ya 2-2 kwa Mkapa kwenye ufunguzi wa African Football League. Hiyo ndiyo bidhaa Azam wanayoipeleka Nairobi. Ligi ya Kenya ni chambo cha kumfanya Mkenya anunue kisimbuzi, akishakifunga atakuta Kariakoo Derby imo ndani.

KENYA, NYUMBA ILIYOHAMWA MARA MBILI

Sababu ya bei poa haihitaji mganga. Mwenye nyumba iliyohamwa na wapangaji wawili hawezi kupandisha kodi.

SuperSport ya Afrika Kusini ilikaa na ligi ya Kenya kwa takriban muongo mmoja. Ilipoingia, viwanja vilijaa kamera, mishahara ikaanza kulipika, wachezaji wa Kenya wakaonekana hadi nje. Mwaka 2017 ukazuka mvutano wa ligi iwe na timu 16 au 18. SuperSport wakafunga virago, klabu zikabaki zinahaha.

Mwaka 2020 wakaja StarTimes kwa mkataba wa miaka saba. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikaivunja kamati ya FKF, na StarTimes nao wakaondoka. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na adhabu haikuondolewa mpaka Novemba mwaka huo.

Angalia vizuri: waliondoka siyo kwa sababu Wakenya hawapendi mpira. Wanaupenda mno. Gor Mahia ndiyo klabu iliyoleta Kombe la Washindi Afrika ukanda huu mwaka 1987. Mashemeji Derby ya K'Ogalo na Ingwe ina utani na kelele za kutosha kuuza tangazo lolote. Wawekezaji walikimbia ofisi, siyo uwanja. Ugomvi wa mabosi ndio uliokula thamani ya ligi.

Kwa hiyo Azam wamenunua kitu kizuri kwa bei ya mnada, na wamenunua pia hatari iliyokuja nacho. Dola 9.1 milioni kwa miaka saba ni dola 1.3 milioni kwa mwaka. Kama pesa hiyo yote ingegawiwa sawa kwa timu 18, kila moja ingepata kama dola 72,000, yaani takriban Sh180 milioni za kwetu. Kwa timu kubwa huo siyo mkwanja wa kutisha. Siku akitokea mwingine na mfuko mnene zaidi, au mabosi wa FKF wakianza kushikana mashati upya, uaminifu wa klabu hauwezi kuwa mkubwa.

SOMO LA WANAMIELEKA WA JAPANI

Anayetaka kujua kampuni ya michezo inavyovuka mpaka aitazame New Japan Pro-Wrestling, kampuni ya mieleka ya kulipwa iliyoanzishwa na Antonio Inoki mwaka 1972. Huyo ndiye Inoki aliyepanda ulingoni na Muhammad Ali jijini Tokyo mwaka 1976.

Nyumbani Japani walikuwa wakubwa. Marekani wakaikuta WWE, ambayo kwa mieleka ni kama Simba na Yanga zikiunganishwa ziwe timu moja. Hawakwenda kichwa kichwa. Walianza na skrini: mwishoni mwa 2014 wakafungua huduma ya kuonyesha mapambano kwa intaneti, na Januari 2015 wakapata nafasi kwenye televisheni ya Kimarekani ya AXS TV. Wakamleta Jim Ross, sauti ambayo Wamarekani waliizoea kwa miaka, awatangazie kwa Kiingereza. Julai 2017 ndipo wakaandaa mapambano yao wenyewe Long Beach, California. Mwaka 2018 wakafungua kambi ya mazoezi Los Angeles. Aprili 2019, kwa kushirikiana na kampuni ya Kimarekani ya Ring of Honor, wakaujaza ukumbi wa Madison Square Garden, New York.

Hapo ndipo bei ya mafanikio ilipoonekana. WWE walikwishawachukua AJ Styles na Shinsuke Nakamura mwaka 2016. Mwaka 2019 ikazaliwa AEW, kampuni ya Tony Khan, mtoto wa Shahid Khan anayemiliki Fulham ya England. Kenny Omega, nyota aliyekuwa anaiuza New Japan Marekani, akahamia huko. Wajapani walilima shamba, wengine wakavuna. Baadaye wakaona kugombana hakulipi: Juni 2022 New Japan na AEW wakaandaa onyesho la pamoja Chicago.

Masomo kwa Azam ni matatu. Kwanza, mtazamaji wa ugenini unamfuata kwa lugha yake. Hapa Azam wana bahati ambayo Wajapani hawakuwa nayo, maana Kiswahili cha Chamazi kinaeleweka Mombasa na Nairobi bila mkalimani. Pili, ni lazima uwe na nyota ambao mwenyeji anawajua. Tatu, ukubwa wa nyumbani hauhesabiki ugenini. Sebuleni kwa Mkenya tayari kuna DStv, GOtv, StarTimes na Zuku, na wikiendi macho yake yako Arsenal na Manchester United.

NYOTA WANA PASIPOTI

Somo la pili ligi yetu ililifanyia kazi kabla hata ya mkataba wa Kenya. Joash Onyango alitoka Gor Mahia kwenda Simba mwaka 2020. Khalid Aucho wa Uganda alitua Yanga 2021. Clatous Chama wa Zambia aligeuka kuwa mali ya Msimbazi tangu 2018. Kennedy Musonda, Mzambia mwingine, alijiunga na Yanga Januari 2023.

Kila mmoja wa hao alikuja na mtaji usioandikwa kwenye mkataba: watu wa kwao wanaotaka kumwona. Watu wa Ufipa wanalijua hili kuliko wa Dar es Salaam, maana kutoka wilaya ya Kalambo ukivuka Kasesya umeshaingia Zambia. Chama akifunga, furaha siyo ya upande mmoja wa mpaka.

Kwa hesabu za biashara, kila usajili wa mchezaji wa jirani ni tangazo la bure la Azam. Lakini mlango huo unafunguka pande zote mbili. Ikiwa ligi ya Kenya itaendelea kuwa na pesa ndogo huku Bara ikinona, vijana wazuri wa Kenya watakuwa wanahamia Dar es Salaam kila dirisha. Azam watabaki na ligi ya Kenya iliyonyofolewa nyota na ligi ya Bara iliyozinunua. Utakuwa unajaza kapu moja kwa kumwaga jingine, na makapu yote ni yako.

Mfano wa kampuni kuvuka mpaka huohuo kwa upande wa pili upo. Mwaka 2017 SportPesa ya Kenya iliingia Tanzania, ikazidhamini Simba, Yanga na Singida United na kuandaa SportPesa Super Cup. Gor Mahia walilibeba kombe hilo Dar es Salaam na kucheza na Everton ya Wayne Rooney Uwanja wa Taifa. Mwaka 2018 wakalibeba tena kwa kuifunga Simba 2-0 Nakuru. Kila mtu alicheka. Mwaka 2019 SportPesa wakabanwa na kodi za serikali ya Kenya, na udhamini ukakatika kwa Gor na Leopards, kwao nyumbani. Pesa za nje huwa na sababu zake za kuondoka, na sababu hizo mara nyingi hazihusiani kabisa na mpira.

ANAYELIPIA NI WA MSANZI

Sasa njoo kwa mtu ambaye hatajwi kwenye hafla za kusaini mikataba: shabiki wa Msanzi, Matai au Sumbawanga mjini.

Mkoa wa Rukwa hauna timu Ligi Kuu. Msimu wa 2020/21 Tanzania Prisons walihamia Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, na Oktoba 2020 wakaifunga Simba 1-0 palepale kwa bao la Samson Mbangula. Nchi nzima iliiona Sumbawanga siku hiyo kwa sababu kamera zilikuwepo. Prisons waliporudi Mbeya, kamera nazo zikaondoka. Tangu hapo uwanja wa shabiki wa Ufipa ni skrini: kisimbuzi nyumbani kwa mwenye nacho, kibanda umiza kwa asiyekuwa nacho.

Mkoa huu unaishi kwa mahindi na maharage. Pesa huonekana baada ya mavuno, katikati ya mwaka, ligi ikiwa mapumziko au ndiyo inaanza. Januari na Februari, mzunguko wa pili unapopamba moto, ghala linapungua na mvua zinanyesha. Ndiyo miezi ambayo kifurushi kinakatika na kibanda umiza kinajaa. Shabiki huyo, pamoja na mamilioni ya mfano wake, ndiye msingi wa Sh225.6 bilioni. Bila malipo yake ya mwezi hakuna mkataba wa Bara, na bila wa Bara hakuna jeuri ya kwenda Nairobi.

Ana haki ya kuuliza safari ya Kenya inamletea nini. Ikileta watazamaji wapya, gharama ya kamera, magari ya matangazo na satelaiti itagawanywa kwa vichwa vingi, na bei ya kifurushi inaweza kutulia. Isipoleta, pengo litazibwa na yule ambaye tayari ana kisimbuzi ukutani.

MAMBO MATATU YA KUTAZAMA

La kwanza ni idadi ya mechi. Televisheni inayoonyesha Gor na Leopards pekee itakuwa imenunua timu mbili kwa jina la ligi nzima. Mechi za Kakamega na Bungoma zikipata kamera, hapo kuna nia ya kukaa.

La pili ni ofisi za FKF. Kilichowaondoa SuperSport na StarTimes ni migogoro ya uongozi. Mkataba wa 2023 kwa karatasi unafika 2030, na katikati yake kuna uchaguzi na kuna AFCON 2027 ambayo Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa kuandaa pamoja. Uongozi ukipita hapo bila kuvunjana, Azam watakuwa wameokota dhahabu kwa bei ya shaba.

La tatu liko hapa nyumbani. Ligi Kuu Bara imezoea wastani wa Sh22 bilioni kwa mwaka kutoka mfuko mmoja. SuperSport walipoondoka Kenya, klabu hazikuwa na mfuko wa pili. Timu zetu nyingi leo ziko hivyohivyo, na mkataba wa miaka 10 uliosainiwa 2021 unaisha 2031. Kabla ya kuwacheka jirani kwa kuuzwa bei ya msimu mmoja, klabu za Bara zijibu kwanza zitauza nini siku mnunuzi atakapokuwa bado ni mmoja tu mezani.